Siku Ishirini na Sita za Ulmeken

Aral, 3 Februari 2019

Orinsha mdogo wangu,

Nakusalimu wewe, mume wako na ngamia wako wote kwa majina, maana najua ukisoma salamu isiyowataja utanuna. Barua hii anakuletea Bazarbai na lori lake la maji, maana huko kambini kwenu kwa ngamia simu haishiki. Nimemwambia akiisoma njiani namkata masikio.

Nina habari, na usipige kelele mpaka umalize kusoma. Tarehe ishirini na saba mwezi huu nakwenda Almaty kufanyiwa upasuaji. Daktari atakata sehemu kubwa ya mfuko wangu wa chakula aitupe, anibakizie kipande chembamba kama ndizi. Nikila vijiko vitatu nitakuwa nimeshiba. Mimi, Ulmeken, nishibe kwa vijiko vitatu! Cheka, nakupa ruhusa.

Sasa nyamaza usikilize. Mzani wa zahanati unaishia mia na hamsini, ikabidi Tolkin anipeleke kwenye ghala la nafaka nikapimwe mahali wanapopimia magunia. Kilo mia na sitini na nane. Wapakizi walitazama pembeni kwa heshima, na heshima hiyo iliniuma kuliko kama wangenicheka. Nalala nikiwa nimeketi, kwa sababu nikilala chali pumzi inakatika. Choo kiko uani, na wakati wa barafu siwezi kukifikia bila binti yangu kunishika kiuno. Nimeacha kufundisha hesabu kwa sababu darasa langu liko ghorofa ya pili. Nina miaka hamsini na moja, Orinsha. Sukari inanila macho.

Kuna jingine, na hili usimwambie mtu hata ukifa. Tolkin ana miaka ishirini na nne na ana kilo mia na thelathini na moja. Anafuata njia yangu hatua kwa hatua. Watu wa mchumba wake Yersain wameshamvika herini za posa na wanampenda kama alivyo, lakini mimi najua goti linavyoanza. Nataka niingie mimi kwanza. Nikitoka salama, na ikionekana kweli inafaa, nitampeleka yeye. Isipofaa, basi nimeharibu tumbo la mwanamke mmoja tu.

Nijibu upesi.

Dada yako, Ulmeken

*

Kambini, 10 Februari 2019

Dada Ulmeken,

Nimepiga kelele. Mume wangu alitoka nje akidhani mbwa mwitu wameingia zizini.

Umemsahau Sakish, binti wa mjomba? Naye alikatwa. Mwaka mmoja akapungua kilo sabini, akaja kwenye harusi ya kaka yake na gauni jekundu, akacheza mpaka wazee wakaona haya. Mwaka wa nne yuko wapi? Yuko palepale alipoanza. Nyama haipiti, sawa, lakini maziwa mazito ya kopo yanapita, naye anayanywa kopo zima kwa siku. Mama mkwe wake anawaambia wageni, "Waliomkata tumbo walisahau kumkata mdomo." Nawe unataka uambiwe hivyo?

Dada, sikuchukii wala sikucheki. Nina dada mmoja duniani. Mama alituacha mimi nikiwa na miaka tisa, ukanilea wewe, ukajinyima chakula chako ukanipa mimi. Labda ndiyo maana baadaye ukala kwa ajili ya sisi wote wawili, sijui. Ninachojua ni kwamba naogopa. Mtu mzima hakatwi kitu kinachofanya kazi.

Lakini nakujua. Ukishaamua, hata lori la Bazarbai halikuvuti. Basi angalau funga mdomo. Kosa la Sakish halikuwa kukatwa, lilikuwa kutangaza. Wewe sema unakwenda kutolewa nyongo. Nusu ya wanawake wa Aral hawana nyongo, na hakuna aliyewahi kuulizwa swali la pili kuhusu nyongo. Hata Tolkin mwambie hivyohivyo, maana mtoto huyo siri haimkai. Wakwe wakisikia umekatwa tumbo kwa ajili ya unene, watamtazama binti yako na kuanza kumpigia hesabu.

Mungu akulinde. Ngamia wameanza kuzaa, siwezi kuja.

Orinsha

*

Almaty, 2 Machi 2019

Mdogo wangu,

Niko hai. Nimeamka nikiwa na matundu matano madogo tumboni, kila moja limefunikwa plasta ya kitoto. Siku ya kwanza nilitamani nife, siku ya pili nikatamani kumuua muuguzi aliyekuwa ananilazimisha nitembee, na leo nimekwenda na kurudi kwenye korido mara sita. Kwenye kitanda cha pili yuko askari polisi mwanamke kutoka Taraz. Tunashindana. Ameniambia nina mwendo wa bata, nikamwambia ana mwendo wa bata aliyekamatwa.

Nilimuuliza daktari kama unavyouliza wewe, mbele yake na bila kupindisha: inafaa au haifai? Hakunipaka mafuta. Alisema wengi hupungua sana, wengine hubaki hivyo, wengine hurudi kama Sakish, na wachache hupata madhara. "Mimi nimefanya nusu," akasema, "nusu iliyobaki ni wewe na watu unaokula nao." Kisha akanipa karatasi. Wiki mbili maji na supu iliyochujwa, kwa kijiko. Mpaka wiki sita zipite, hakuna cha kutafuna. Mahali alipokata amepabana kwa pini ndogo za chuma, na nikijaza tumbo kwa nguvu, hasa nikitapika, panaweza kufumuka. Na pakifumuka nisikae nyumbani hata saa moja.

Akaniuliza nani nyumbani anajua. Nikasema wote wanajua. Ndiyo, nimemdanganya daktari. Wewe ndiye uliyenifundisha, na mwanafunzi wako ni hodari.

Ulmeken

*

Aral, 12 Machi 2019

Orinsha,

Kaa chini. Kilo mia na hamsini na sita! Kwenye ghala la nafaka wamenishangaa. Jana nimefunga kamba za viatu vyangu mwenyewe. Nilikuwa sijaziona tangu Tolkin awe kidato cha mwisho. Na juzi nimelala chali, usiku kucha, kama binadamu. Niliamka nikalia kwa furaha, Tolkin akadhani ni maumivu ya nyongo, akanikorogea mchuzi. Maskini ananihudumia vizuri, ila kila siku anasema, "Mama, mbona nyongo yako haina mwisho?"

Ninamtazama akipanda ngazi anahema, na moyoni namwambia subiri kidogo tu, mwanangu. Mwezi wa tisa nitamwambia yote na kumkatia tiketi ya treni.

Lakini kuna kitu kimenikaa vibaya. Bibi yake Yersain anaumwa na anataka kuona ndoa kabla hajafa. Karamu iliyokuwa ifanyike Mei imeletwa mbele, itakuwa Jumatano tarehe ishirini. Jumatano ni siku njema, nani atabisha? Na karamu yenyewe ni ile ya mkia na ini. Kamshat, mama yake Yersain, atakuja na watu kumi na wawili, na mbele yao wote atanilisha kwa mkono wake mafuta ya mkia wa kondoo na ini, nami nimlishe yeye. Bila hicho hakuna ukwe. Unajua wewe, mtu akiulizwa kama binti fulani ameshaposwa, hujibiwa, "Wameshakula mkia na ini," na mazungumzo yanaisha.

Angekuwepo baba yake, angekula yeye. Mimi mjane, mdomo wa nyumba hii ni wangu peke yake. Hiyo itakuwa siku ya ishirini na moja tangu nikatwe, na mimi bado niko kwenye supu. Nikikataa, nimemkataa mwana wao. Nikieleza, wataanza kuuliza kama ni ugonjwa wa ukoo, kama Tolkin atazaa, kama naye atakatwa. Kamshat ni mwema lakini ana dada wanne na wote wana midomo.

Niambie nifanye nini. Nasubiri jibu lako kabla ya Jumatano.

Dada yako

*

Kambini, 15 Machi 2019

Dada yangu,

Usile. Nimeanza na hilo ili hata barua ikilowa neno hilo libaki.

Nilikupa ushauri mbaya, sasa naufuta. Mwite Kamshat jikoni, mkiwa wawili tu, kabla ya kitambaa cha chakula kutandikwa. Mwambie ukweli. Yeye naye ni mama. Akuwekee kipande kama punje ya mchele, mguse midomo, watu wapige vigelegele, yaishe. Mwambie na Tolkin pia, asubuhi ileile.

Ukishindwa kabisa, fanya hivi: pokea, weka shavuni, jifanye unakohoa, tema kwenye leso. Mimi nilifanya hivyo kwenye harusi yangu kwa sababu mafuta ya mkia yananikifu, na hakuna aliyegundua mpaka leo. Lakini afadhali useme.

Na hizo kamba za viatu, dada, nimemsomea mume wangu mara tatu. Yeye anasema nikuambie hongera. Mimi bado sijui kama nimeamini, ila nimeanza kutaka kuamini.

Orinsha

17 Machi. Barafu imeyeyuka na njia yote ni tope. Bazarbai hajaja. Nimempandisha mume wangu farasi aende mpaka barabara kuu asimamishe gari lolote. Amerudi jioni, hakuna lililopita.

19 Machi. Bado. Maji tunachota kwenye theluji iliyobaki.

21 Machi. Amekuja leo. Nampa hata hivyo. Dada, nijibu siku hiyohiyo.

*

Hospitalini, Aral, 22 Machi 2019

Orinsha,

Barua yako sijaipata. Huenda ulinuna, au Bazarbai amezama kwenye tope. Watu wamesherehekea mwaka mpya wa Nauruzi leo, nasikia muziki wa uwanjani mpaka hapa.

Usishtuke kwa neno hospitali. Ni dripu tu.

Karamu ilipendeza. Nilivaa gauni la kijani, lilinipwaya! Kamshat aliketi mbele yangu akachota kiganja kizima. Mafuta meupe yakitetemeka, ini juu yake, na mtindi. Nilitaka kumwita jikoni mapema, naapa, lakini dada zake walimzunguka tangu mlangoni. Nikabana midomo kidogo, nikasema, "Kidogo, mkwe wangu, kidogo, nyongo yangu bado." Wote wakacheka. Shangazi mmoja akasema, "Huyu anataka tumbembeleze kama bibi harusi!" Ndipo Tolkin akainama nyuma yangu na kuninong'oneza, "Mama, kula tu, usinitie aibu, wote wanatazama." Uso wake ulikuwa mwekundu. Hajawahi kuniomba kitu, Orinsha.

Nikafungua mdomo. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha nikamlisha yeye, na mtindi uliobaki tukapakana usoni kama desturi ilivyo, nasi tukacheka mpaka machozi. Sijawahi kumuona Tolkin akiwa na furaha vile.

Baadaye nilitapika sana, uani, mahali ambapo hawakuniona. Tangu hapo bega la kushoto linauma, sijui bega na tumbo vinahusiana vipi, na homa haishuki. Daktari hapa ni kijana mpole. Ametazama makovu yangu akasema, "Nyongo, sivyo? Labda jiwe limebaki." Nilitaka kumwambia. Kamshat alikuwa ameketi kitandani kwangu, ameushika mkono wangu, hajaenda kwake tangu jana. Ningesemaje mbele yake? Nikasema ndiyo, nyongo.

Kesho akienda kupumzika nitamwambia daktari. Mwandiko wangu umekuwa mbaya, nisamehe, ni homa. Nimepungua mpaka mia na hamsini, wamenipima kwa kitanda.

U.

*

Aral, 8 Aprili 2019

Mama mdogo,

Jana nilikuwa napanga nguo za mama. Kwenye mfuko wa koti lake la Almaty nimekuta karatasi ya hospitali. Nimeisoma mara nyingi. Kisha nimekuta barua zako mbili, ile ya Februari na ile iliyoandikwa "Usile", ambayo Bazarbai aliitumbukiza kwenye sanduku letu siku tuliyokuwa hospitalini na hakuna aliyeifungua mpaka jana.

Ulikuja tarehe ishirini na tano na gari la mjomba, ukakuta tumeshamfunika. Ulikaa nami siku saba. Ulilala kitandani kwangu. Daktari yule kijana alikuja kutoa pole, akakaa mezani, akasema hajui kwa nini usaha ulikuwa umejaa tumboni, akasema angejua angempeleka hospitali kubwa ya Kizilorda kwa ndege usiku uleule. Ulikuwa unamimina chai. Hukumwaga hata tone. Sasa najua ulikuwa unajua.

Mimi ndiye niliyemwambia ale. Hilo pia unalijua? Sikujua kitu, mama mdogo. Nilidhani anadeka. Niliona haya mbele ya watu kumi na wawili kwa sababu mama yangu anabana midomo.

Kamshat anakuja kila siku. Anafua, anapika, analia kuliko mimi. Anawaambia wageni wa msiba, "Chakula chake cha mwisho alikila mkononi mwangu, akacheka." Anasema kwa fahari, kwamba Mungu alimpa heshima hiyo. Baada ya arobaini nitahamia nyumbani kwake. Nitamwita mama. Kila asubuhi nitamwinamia na kumpa chai. Nakuomba usimwambie, kamwe. Akijua, hataweza kunitazama, nami sina nyumba nyingine.

Nina maswali mawili. La kwanza: alikatwa kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya harusi yangu, ili nisionewe haya? Niambie ukweli.

La pili. Nilikwenda ghala la nafaka. Mia na thelathini na nane. Tangu msiba nakula usiku na mchana na sisikii kushiba. Kwenye karatasi kuna simu ya daktari wa Almaty, na nyuma yake mama ameandika jina langu kwa penseli na alama ya kuuliza. Nataka kujua kama inafaa, mama mdogo. Wewe ndiye aliyekuwa anamwandikia. Ilikuwa inafaa au haikufaa?

Tolkin

*

Kambini, 16 Aprili 2019

Tolkin, mwanangu,

Nilijua. Barua yake ya hospitalini nilipewa na mjomba wako ndani ya gari, tukiwa njiani kuja. Bazarbai alikuwa amempa yeye. Nimeisoma gari likirukaruka, na nilipofika kwenye neno "bega" tulikuwa tumebakiza kilomita tisini. Tulipoingia uani nikaona viatu vya watu wengi mlangoni.

Neno nyongo nililitunga mimi. Hukulikuta kwenye barua? Umelikuta, lakini umekuwa mpole, hukuniuliza. Mama yako alitaka kuwa na siri ndogo, mimi nikampa kubwa. Daktari alipokuja nikamimina chai kwa sababu nilikuwa nimeshafikiri: nikisema sasa, atarudi? Harudi. Na mtoto ataishi wapi? Nilifikiri hayo yote kabla kikombe hakijajaa. Sasa sijui kama nilikuwa nafikiri juu yako au najificha.

Kamshat simwambii. Umeniomba, nami sina haki ya kukukatalia. Lakini usidhani nakuandikia hivi kwa moyo mweupe. Nakuona ukimpa chai asubuhi, miaka thelathini, kila mmoja wenu akidhani anamfariji mwenzake.

Swali lako la kwanza: alikatwa kwa ajili ya magoti yake na choo cha uani. Basi. Wewe hukuhusika. Jina lako kwenye karatasi aliliandika, nadhani, ili akupigie simu akifika stesheni.

Na ule mnong'ono wako, wewe hukumlisha. Mtu aliyejua akanyamaza ndiye aliyemlisha, naye ni mimi.

Swali la pili limenikalisha siku nne. Ningekuambia haifai, ungebaki hapo ulipo, na hapo ulipo nimeona mwisho wake kwa macho yangu kwa miaka kumi. Ningekuambia inafaa, ungepanda treni, na kule kwa Kamshat kila Ijumaa kuna wageni, kila mgeni anamlisha bibi harusi nyama ya baraka kwa mkono, nawe ungefungua mdomo kwa sababu hukuzaliwa na ujasiri wa kuufunga. Ungeweza kuwaambia kwamba umekatwa, lakini wangekuuliza ulijifunza wapi, na hapo ya mama yako yangefichuka, nawe umeniomba ninyamaze. Nimelizungusha kila upande na sioni mlango. Nisamehe, mwanangu. Ningependa kuwa mtu mwenye mlango wa kukuonyesha.

Nitakuambia nilichokiona tu. Wanawake hatukwenda makaburini, tulisimama uani wakati wanaume wanamtoa. Jirani yenu Serik alikuwa ameita watu kumi, kwa sababu walikuwa wanamkumbuka mama yako kama alivyokuwa. Wakajipanga, wakavuta pumzi, wakamnyanyua kwa nguvu zote, na jeneza likapanda ghafla mpaka wakayumba. Wakatazamana. Serik akasema kwa sauti ya chini, lakini nilimsikia, "Mbona mwepesi?"

Orinsha